Vizazi Viwili vya Fundi Cherehani

Mimi nina hasira za karibu, na nalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Kazi yangu ni ushonaji. Nina chumba cha mbele hapa Miyuji, cherehani ya kukanyaga niliyorithi kwa mama yangu mdogo, na wateja wanaoleta kitambaa Ijumaa jioni wakitaka gauni la kuvaa kanisani Jumapili. Mwanamke wa kazi hiyo akikosa hasira atadhulumiwa mchana kweupe.

Lakini hasira kubwa niliyowahi kuwa nayo haikuwa ya wateja, ilikuwa ya mimba. Siyo kwamba nilikuwa sishiki. Nashika vizuri tu, natapika, nachukia harufu ya sabuni, mume wangu anaanza kuleta matikiti bila kuagizwa, halafu inatoka. Ya kwanza tukasema bahati mbaya. Ya pili tukasema Mungu ndiye anayejua. Ya tatu ilipotoka, mama mkwe akafunga safari kutoka kijijini kwake, njia ya Mtera, na kapu la perege wakavu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaiangalia cherehani yangu toka kichwani mpaka kwenye pedeli, akasema, "Ndiyo hii."

"Ndiyo hii nini, mama?"

"Ndiyo inayotoa wajukuu zangu. Unakanyaga kutwa, tumbo linatikisika. Mtoto atashikilia wapi?"

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Nikamwambia mbona mama yangu mdogo aliikanyaga hiyohiyo na ana watoto saba. Akaniambia mama yangu mdogo ana mifupa mingine. Nikamuuliza mifupa inahusiana nini na mtoto. Akasema ndiyo shida ya sisi tuliosoma, tunauliza maswali wakati watu wanatusaidia. Nimesoma mpaka kidato cha pili.

Mdomo wangu ulikataa, lakini moyo ulikubali. Hilo sikumwambia mtu. Mama mkwe aliporudi kwake nikawa naizungusha cherehani kwa mkono, mguu nimeuweka pembeni, na gauni la nusu siku linanichukua siku mbili. Usiku nilikuwa nawaomba msamaha watoto ambao hata sura zao sikuziona. Mume wangu alikuwa akinikuta na macho mekundu, nami namwambia ni vumbi, na Dodoma hii nani atabisha habari ya vumbi.

Daktari wa kliniki, dada mmoja mdogo kwa umri lakini asiye na mzaha, ndiye aliyesema tuache kubahatisha. Akasema mimba tatu kutoka bila sababu ni jambo la kutafutiwa sababu, na tuanze na picha. Akaniandikia utrasaundi ya kizazi. "Kunywa maji mengi," akasema, "na usikojoe mpaka upimwe."

Sasa wewe kaa kwenye benchi la utrasaundi siku yenye foleni. Wanawake mstari mzima, wote wamebana magoti, hakuna anayecheka, hakuna anayekohoa. Mmoja alipiga chafya na sote tukamwonea huruma. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi kata imetiwa waya, na kabla haijaingia kazini lazima mtungi ujae maji hadi ukaribie kupasuka.

Bibi mmoja akapita akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikamwitikia kwa heshima zote nilizoweza huku nimebana. Mlango wa chumba cha picha ukafunguliwa kidogo. Sauti ya mwanamume ikatoka ndani: "Nani huyo anayeleta Kigogo mlangoni kwangu?"

Nikajua. Hata kabla sijamwona nikajua. Nilipoingia akanisalimia, "Kamwene," na mambo yakawa wazi: Mhehe, mtani wangu, mtu wa ng'ambo ya Mtera, wa wale wanaotuita ombaomba nasi tukawaita wala mbwa, na mimi nimelala chali tumbo wazi mbele yake.

"Mgogo," akasema huku anavaa glavu. "Leo umekuja kuomba nini?"

"Picha."

"Angalau. Wengine wakishapewa picha wanaomba na fremu."

"Wewe fanya haraka," nikamwambia. "Kuna mbwa amepita hapo nje, nisije nikaachwa peke yangu humu, wewe ukamkimbilia na kisu."

Akacheka, nami nikacheka kidogo kwa tahadhari. Akanimwagia ile jeli ya baridi, akachukua kile kifaa chake, akaanza kukandamiza palepale kwenye kibofu. Nikamwambia sasa nimeamini Wahehe hawajasahau vita. Akasema vita vilikwisha, hizi ni kodi. Tukaendelea hivyo, na nakuambia ukweli, ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kucheka habari yoyote inayohusu tumbo langu.

Halafu akaacha utani. Akakigeuza kifaa upande, akakirudisha. Akasogeza uso karibu na skrini. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya dari ili nisiaibike. Akasema, "Aisee, ninyi Wagogo mmezidi. Hata kizazi umeomba cha pili?"

"Nini?"

"Naona vyumba viwili humu. Kama vizazi viwili."

Nilicheka mpaka machozi. Na wewe unajua kucheka kunafanya nini mtu akiwa katika hali ile. Nikaruka kutoka kitandani, nikajifunga kanga, nikatoka mbio. Yeye nyuma yangu anaendelea kusema, kitu fulani cha mashine kutoonyesha vizuri kwa juu, kitu fulani cha kurudi kwa daktari, lakini mimi nilikuwa koridoni tayari na sikuwa na masikio ya kitu kingine isipokuwa mlango wa choo uko wapi.

Nilipotoka chooni nilikuwa mtu mpya. Nikaona aibu kurudi mle ndani. Majibu, nikaambiwa mapokezi, yanakwenda kwa daktari kwenye kompyuta, nirudi wiki ijayo. Nikaenda nyumbani nikiwaza: kama angeona kitu kibaya asingetania. Ametania, basi ni salama. Mgogo yeyote angewaza hivyo, na Mgogo yeyote angekosea, maana sisi wenyewe tunajua kwamba mtani hutania penye uzito. Msibani ndiye anayelala ndani ya kaburi na kugoma kutoka. Lakini akili ya mwanamke anayetaka kusikia kwamba ni mzima huchagua la kukumbuka.

Wiki ijayo ikaja na harusi, nikawa na sare za kamati nzima za kushona, sikwenda. Iliyofuata vilevile. Na hadithi ya vizazi viwili ikawa yangu ya kuchekesha watu. Niliisimulia kwenye kikoba chetu cha akina mama, wakagaragara. Niliisimulia kwenye kwaya. Mteja mmoja anayekaa mtaa wa Kikuyu hapa mjini aliniuliza, kwa sura kavu kabisa, kama hicho cha pili nitakipangisha, kwa kuwa wizara zimehamia Dodoma na vyumba vimekuwa shida. Mume wangu nilimsimulia wakati wa kula. Huyu ni mtu wa kunyamaza, anaweza kunyamaza kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Alitabasamu, akamaliza mlenda wake, akauliza, "Na daktari amesemaje?" Nikamwambia asiniharibie hadithi.

Nikakutana naye yule Mhehe soko la Majengo, siku ya Jumamosi, anachagua nyanya. Mimi ndiye niliyeanza, kwa sauti ya kusikiwa na meza tatu. "Jamani Wahehe siku hizi wanakula nyanya. Nyama imewakimbia?"

Akageuka, akanitambua, na hakucheka.

"Mama, daktari alisemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kizazi."

"Kipi?" nikasema, nikawageukia wauzaji ili wacheke. "Maana mimi ninavyo viwili."

Walicheka wauzaji. Yeye hakucheka. Mimi nimeishi na watani maisha yangu yote. Nimewaona wakitania padri, wakitania polisi, wakimtania marehemu mbele ya mjane. Sijawahi kumwona Mhehe aliyepewa mpira miguuni namna ile akaacha kuupiga. Nikaweka kikapu chini.

"Kumbe hukurudi," akasema.

"Si ulinitania?"

Akanivuta pembeni, karibu na wauza mchicha. "Nilikutania kuhusu kuomba," akasema polepole. "Kuhusu viwili sikukutania. Nilikuona umekaza uso, nikataka uchangamke, basi nikachanganya. Nilikosea. Lakini nilichokiona nilikiona, na niliandika kwamba upelekwe kwenye MRI, ile mashine kubwa ya picha. Mimi nikishika ile mashine sina kabila, mama."

Nikamkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo wauza mchicha waliacha kufunga mafungu ili wayasikie vizuri. Nikamwambia mtu mwenye habari kama ile haitoi na mchuzi wa mzaha. Akakubali yote. Akanipa nyanya zake zote. Nikazichukua, nikazidi kukasirika, kwa sababu sasa kweli nilionekana Mgogo aliyekuja kuomba.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Alitoka uani, akapiga simu, na hiyo ndiyo shida ya watu wanyamavu, siku wakiamua kuufungua mdomo wanaufungua pabaya. Alimpigia mama yake. Kesho yake mama mkwe huyo hapo mlangoni na kapu la perege. Alikuwa amekwisha kulitafutia jambo maelezo. Kizazi kimoja changu, kingine cha mtu aliyenifunga kwa uchawi. Nikamuuliza mtu anaufunguaje mwili wa mwenzake akamwekea kizazi bila yeye kuamka. Akasema ndiyo maana nilikuwa nachoka.

Siku ya MRI mama mkwe naye alikuja. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia, na sitasema uongo, sikutaka kwenda peke yangu. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kijana wa mashine akaniuliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikamwambia sina. Akasema ile mashine ni sumaku kubwa, hata kipini cha nywele hakitakiwi, nifikiri vizuri.

Basi nikafikiri. Nikachomoa pini moja kwenye kola ya gauni. Mafundi wote tunachomeka pini hapo, mkono unaenda wenyewe. Nikachomoa nyingine mbili kwenye bega. Nikakumbuka sindano kwenye upindo wa kanga. Nikakuta pini tatu kwenye sidiria na sijui zilifikaje. Kijana akaleta kisahani. Nikapapasa kilemba, nikatoa sindano ya mkono ikiwa na uzi wake wa bluu wa sare za shule. Kila nikisema basi, mama mkwe ananipapasa, anapata nyingine, anaitia kwenye kisahani inalia ti. Mwishowe kijana akasema ni salama zaidi niache kila kitu nje, na kilemba, na kanga, na kama inawezekana na ufundi wenyewe, nivae gauni la hospitali. Lilikuwa limeshonwa vibaya, mabega hayalingani, na niliwaambia.

Wakaniingiza kwenye lile tundu. Wakasema nisitikisike. Pua ikaanza kuwasha papo hapo. Halafu mashine ikaanza kugonga kama mtu anabomoa bati. Nikasali Baba Yetu nikapotelea katikati, nikaanza upya. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika dunia hii, kuambiwa kama mtoto anaweza kukaa ndani yangu au hawezi, na jibu lilikuwa linapigwa nyundo juu ya kichwa changu. Kule nje mama mkwe naye alisikia kishindo. Akasimama, akamwambia yule kijana wa mashine kwamba walisema wanapiga picha, hawakusema wanampiga mtu. Kijana akamwonyesha kioo, akaniona nimelala mzima, akakaa. Lakini aliimba tenzi kwa sauti mpaka nilipotolewa, na mashine ilipobadilisha mdundo na yeye alibadilisha wimbo.

Majibu tulipewa na yule daktari dada. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akamvutia kiti, akageuza kompyuta yake ili tuone. Akaonyesha kwa kalamu. Nilichokiona ni wingu la kijivu, lakini alieleza vizuri.

"Kizazi ni kimoja," akasema. "Utrasaundi ile ya kawaida iliona vyumba viwili, na ni kweli viko viwili ndani. Haikuweza kuonyesha juu pakoje. Angalia hapa juu. Pangekuwa na bonde tungesema ni vizazi viwili, au kimoja chenye pembe mbili. Hapana bonde. Juu pamefunga sawasawa. Ila katikati kuna ukuta."

"Ukuta umetoka wapi?" nikauliza.

"Umezaliwa nao. Kizazi cha kila mwanamke huanza vipande viwili, yeye mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yake. Vinaungana, halafu ukuta wa katikati unayeyuka. Wako haukuyeyuka. Tumeangalia na figo, maana hutengenezwa wakati mmoja. Figo zako zote mbili zipo, nzuri kabisa."

Hapo nikamwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu mwenye koti jeupe. "Yaani fundi aliunganisha vipande viwili," nikasema, "nje kapiga pasi safi, ndani akasahau kufumua mshono."

"Hivyo hivyo," daktari akasema.

"Fundi gani huyo anasahau?" akauliza mama mkwe kwa ukali.

Nikamwambia hilo aende akalimalizie kanisani.

Daktari akasema mimba ikijishikiza kwenye ukuta kama ule mara nyingi haidumu. Akasema unaweza kukatwa kwa kifaa chembamba chenye kamera kinachopita njia ya chini, bila kupasua tumbo, ingawa hawezi kuniahidi mtoto. Ulikatwa. Na mtoto ninaye, ana kelele, jana ametumbukiza rimoti ndani ya ndoo ya maji. Lakini hayo yalikuja baadaye, na ya siku ile chumbani kwa daktari bado hayajaisha.

Maana nilikuwa nimeanza kulia. Siyo kwa huzuni. Nilikuwa nafuta machozi kwa ncha ya kanga na nacheka, na daktari anatafuta tishu kwenye droo, mama mkwe akakohoa.

"Daktari," akasema. "Na cherehani?"

"Cherehani imefanya nini, mama?"

"Anaikanyaga. Kutwa."

"Haihusiki hata kidogo. Akanyage anavyotaka. Ukuta huu ulikuwepo kabla yeye hajazaliwa."

Nikamgeukia mama mkwe. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyatunza miezi na miezi, na nilikuwa nimeyapanga kuanzia lile kali zaidi. Hakuniangalia. Alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili na anamtazama daktari.

"Na kinu?" akauliza.

"Kinu gani, mama?"

"Cha kutwangia. Uwele, mtama. Mtu akitwanga sana, kinaweza kutoa mimba?"

"Mama," nikasema, "mimi sijawahi kutwanga tangu niolewe na mwanao. Napeleka mashineni."

"Sikuulizii wewe."

Daktari aliacha kutafuta tishu. "Hapana, mama," akasema. "Kinu hakitoi mimba."

"Hata kama ni kila siku?"

"Hata kama ni kila siku."

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Akaachia kiti kwa mkono mmoja, akajifuta mdomo, akakishika tena. "Zangu zilitoka mbili," akasema. "Mwanzoni kabisa. Waliniambia ni kinu."

Mume wangu kwao wanamwita kifungua mimba. Nimemjua kwa jina hilo tangu nilipoolewa. Yale maneno yangu yote sikuyasema. Nilimsogezea kiti changu karibu na chake nikamwambia, "Pole, mama," na akaitika kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.